Mahali pa Transfoma Paamuliwe Jengo Likiwa Bado Kwenye Michoro

Wananchi wanaojenga majengo ya biashara Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, wanashauriwa kutenga eneo la transfoma kabla ya kuanza ujenzi, kwa kuwa kuihamisha baadaye ni gharama kubwa.

Transfoma hupokea umeme wa kilovolti 11 au 33 na kuupunguza hadi volti 400 kwa mitambo ya njia tatu na volti 230 kwa matumizi ya kawaida. Ikiwa mbali na swichi kuu ya jengo, nyaya nene na ndefu huhitajika, na umeme mwingine hupotea njiani.

Hata hivyo, ukaribu una mipaka. Mafuta yanayopoza transfoma yanaweza kuwaka inapotokea hitilafu. Kwa hiyo ikae nje, mbali na madirisha na milango ya dharura, mahali ambapo gari la kreni linafika. Ikilazimu kuwekwa ndani, itumike transfoma kavu, katika chumba chenye kuta zinazohimili moto na hewa ya kutosha.

Mwanza ni mji wa vilima na miamba. Maji ya mvua hushuka kwa kasi mabondeni, hivyo msingi wa transfoma uinuliwe. Aidha, mwamba hupitisha umeme kwa shida. Waya wa ethi upimwe mapema.

Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) lishirikishwe tangu hatua ya michoro, na kazi ifanywe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA.