Likizo ya Familia Isiwe Likizo ya Swala

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), aliyewatiishia waja wake vipando vya nchi kavu, vya majini na vya angani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, shule zinapofungwa mwezi Juni na Desemba, familia nyingi hufungasha mizigo kwenda kuwaona jamaa walio mbali. Kwa watu wa Kigoma na Ujiji jamaa hao wametapakaa: wako Dar es Salaam na Unguja, wako ng'ambo ya ziwa, na wako waliofika hadi Maskati. Safari ya ndege ya namna hiyo, hasa ile ya kubadilisha ndege njiani, humaliza mchana mzima na pengine usiku wake. Baba anashughulika na tiketi na pasi za kusafiria. Mama ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Wakubwa wao wameshachoka hata kabla ndege haijaruka. Katika pilikapilika hizo Adhuhuri inapita, Alasiri inapita, Magharibi inaingia na kutoka, na jibu ni moja tu: "Tutalipa tukifika."

Hasara yake si swala zile peke yake. Mtoto wa miaka saba, ambaye ndiyo kwanza ameanza kuamrishwa kuswali, anajifunza siku hiyo kwamba swala ni jambo la nyumbani, kama mkeka ulioachwa ukutani. Nasi tunafahamu kwamba sheria haikumwacha msafiri bila njia. Basi tuitazame siku hiyo moja, tangu mlangoni hata kufika.

Mvuvi na abiria

Tuanze na swali ambalo watu wengi huuliza. Mvuvi wa Katonga hutoka jioni na taa zake kwenda kuvua dagaa. Usiku kucha anapambana na upepo na mawimbi ya Ziwa Tanganyika, na alfajiri anarudi mwaloni akiwa hoi. Mvuvi huyu, maadamu hakukusudia safari ya masafa, Isha yake ni rakaa nne kamili. Jirani yake amepanda ndege, amekaa kwenye kiti laini, ameletewa maji na juisi, naye anaswali rakaa mbili. Je, huo ni uadilifu?

Jibu la wanazuoni ni kwamba sababu ya kupunguza swala ni safari yenyewe, wala si taabu. Taabu hupimwa kwa hisia, na hisia za watu hazilingani. Safari hupimwa kwa umbali, na umbali haubishaniwi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa nchi yetu, umbali huo ni marhala mbili, nao hukadiriwa leo kuwa kilomita 80 na ushei. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa njia ya anga ni zaidi ya kilomita 1,000.

Jambo hili liliulizwa tangu zama za masahaba. Aya ya 101 ya Suratun Nisaa imetaja kupunguza swala pamoja na hofu ya maadui. Ya'la bin Umayya akamuuliza Sayyidna Umar: mbona sasa watu wako katika amani? Umar akamweleza kuwa naye aliwahi kustaajabu vivyo hivyo, akamuuliza Mtume (S.A.W.), naye akajibu kwamba hiyo ni sadaka ambayo Allah amewapa waja wake, basi waipokee sadaka yake. Hadithi hii imepokewa na Imamu Muslim.

Tuangalie njia ya kwetu wenyewe. Mwezi Juni 1857 Burton na Speke walianza safari kutoka pwani, pamoja na wapagazi na askari Wabaluchi wa Sultani wa Zanzibar. Walifika Ujiji Februari 1858, yaani baada ya takriban miezi minane. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 miezi ikageuka siku, na kwa ndege siku zimegeuka saa chache. Mwislamu wa msafara ule alipunguza, na Mwislamu wa ndege anapunguza. Kipando kimebadilika, bali sadaka ya Mola wetu ni ile ile.

Rukhsa inaanzia wapi

Msafiri haanzi kupunguza akiwa sebuleni kwake, hata kama mizigo imeshapakiwa garini. Rukhsa huanza anapouacha mji wake na majengo yake. Kiwanja cha ndege cha Kigoma kimo ndani ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Kwa hiyo mkazi wa Katonga anayesubiri ndege kiwanjani hapo, lililo la hadhari kwake ni kuswali kamili, kwa kuwa bado yumo mjini kwake.

Tuseme ndege inaondoka Kigoma saa tano asubuhi. Alfajiri imeshaswaliwa nyumbani, nayo haipunguzwi wala haikusanywi na nyingine. Wakati huo Adhuhuri ya Kigoma haijaingia. Ikiwaingilia angani, watie nia ya kuichelewesha na kuiswali pamoja na Alasiri, au wakiwahi kushuka Dar es Salaam mapema waziswali zote mbili katika wakati wa Adhuhuri, rakaa mbili na mbili. Anayetanguliza Alasiri hivyo aanze na Adhuhuri, anuie kukusanya, na afuatanishe bila kuweka mwanya mrefu kati yake. Magharibi hubaki rakaa tatu, na hukusanywa na Isha ya rakaa mbili.

Nia ya kupunguza huwa pamoja na takbira ya kuhirimia. Na ukimkuta katika chumba cha swala imamu ambaye ni mkazi wa mji huo, ukamfuata, basi utatimiza nne kama yeye.

Kwa mpango huu, familia inayosubiri ndege ya usiku ya Maskati huwa imemaliza swala nne ikiwa ardhini, kwa utulivu, bila kumsukuma mtu kwenye ujia wa ndege. Inayobaki ni Alfajiri, nayo inataka uangalifu kwa sababu wakati wake ukiingia na kutoka mngali angani, hakuna swala ya kuikusanya nayo. Aliye na udhu na akapata nafasi ya kusimama na kuelekea Kibla, aswali hivyo. Aliyezuiwa kabisa aswali vile awezavyo kwa kuuheshimu wakati, kisha airudie akishuka, kama wasemavyo wanazuoni wa Kishafii.

Saa ya mkononi na jua la mbinguni

Jambo jingine linalowakosesha wasafiri ni kutumia nyakati za nyumbani. Tanzania nzima inafuata saa moja, ila jua halifuati saa yetu. Kigoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa karibu digrii tisa na nusu, na kila digrii moja ni dakika nne za mwendo wa jua. Kwa hiyo nyakati za swala za Dar es Salaam hutangulia za Kigoma kwa kiasi cha dakika 38. Mtu wa Katonga aliyezoea Magharibi ya karibu saa moja jioni, akiingojea kwa mazoea hayo akiwa Dar es Salaam, atakuta watu wameshatoka msikitini.

Maskati hali huzidi. Saa zao zimetutangulia kwa saa moja tu, ilhali adhuhuri yao hutangulia ya Kigoma kwa karibu saa mbili. Na aliyefunga akiwa angani afuturu kwa kuzama jua analoliona yeye huko aliko, wala si kwa mji ulio chini yake. Kwa kuwa juu huko jua huonekana dakika kadhaa baada ya kuwazamia walio ardhini.

Kibla nacho hugeuka. Kigoma tunaelekea kaskazini kwa kuinamia mashariki kiasi cha digrii 20. Dar es Salaam ni kaskazini karibu kamili. Maskati ni magharibi karibu kamili. Ewe mzazi, hili ni darasa ambalo halipatikani ubaoni. Mwoneshe mwanao kwamba ndani ya siku moja ameelekea pande tatu, na Al-Kaaba ni moja, haikuhama. Mtoto aliyeliona hili kwa macho yake hataisahau safari hiyo.

Upole kwa watu wa nyumbani

Mtume (S.A.W.) ameieleza safari kuwa ni kipande cha adhabu, kwa kuwa humzuilia mtu usingizi wake, chakula chake na kinywaji chake. Basi tusistaajabu watoto wakilia na mama akikasirika. Anjasha alipokuwa akiwaharakisha ngamia waliobeba wanawake, Mtume (S.A.W.) alimwamuru aende taratibu, akiwafananisha wanawake hao na vyombo vya chupa. Baba wa leo hamwongozi ngamia, lakini anaweza kumpokea mkewe mtoto ili naye atawadhe na aswali. Wako akina baba wanaoswali mapema na kurudi kuketi, ilhali mama anaikosa swala kwa kukosa wa kumshikia mtoto. Huo si uongozi wa familia.

Wafundisheni watoto dua ya kipando, iliyomo katika aya za 13 na 14 za Suratu Zukhruf. Na Jabir (R.A.) amesimulia kwamba masahaba walipopanda mahali pa juu walileta takbira, na waliposhuka walileta tasbihi. Ndege inaporuka watoto na waseme Allahu Akbar. Inapoteremka waseme Subhana-Llah. Woga utapungua na ulimi utapata kazi njema.

Mkishafika

Liko kosa la mwisho, na ni la wengi. Familia inafika kwa shangazi Maskati, imekusudia kukaa wiki mbili, na kwa wiki zote mbili inaswali rakaa mbili kwa hoja ya kuwa "tuko safarini". Katika madhehebu ya Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukatikiwa na rukhsa tangu anapofika. Hapo huswali kamili, kila swala kwa wakati wake, hadi siku ya kurudi. Na wakati wa kukata tiketi, tazameni kama ni Ijumaa. Aliyewajibika na swala ya Ijumaa asiondoke mjini kwake baada ya alfajiri ya siku hiyo, ila akijua ataipata njiani au akichelea madhara ya kuachwa na wenziwe.

Ndugu zangu, dini hii ni nyepesi kwa mwenye kuijua. Mola wetu anapenda rukhsa zake zichukuliwe, na anayeichukua rukhsa hukaa mbali na haja ya kuacha. Panga swala siku ile ile unayopanga tiketi.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) awafikishe salama wasafiri wetu wa angani, awarejeshe salama wavuvi wetu wa ziwani, na azijaalie safari zetu ziwe za kheri. Wabillahi tawfiq.