Je, Wajua? Sekunde 3 za Kimya Humfungua Mtoto Kinywa

Miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu humpa mwanafunzi baada ya kumwuliza swali. Kwa kawaida ulikuwa sekunde 1 tu, au pungufu. Waliponyamaza kwa sekunde 3 au zaidi, majibu yakarefuka, na watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema. Sekunde 3 ni nyingi kuliko unavyodhani. Jaribu kuzihesabu mbele ya darasa lenye kelele.

Vitendawili vina nafasi hiyo tangu zamani. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Hapo hakuna anayeharakishwa, mtoto hukisia, hukosea, hukisia tena, na akishindwa hutoa mji ndipo aambiwe: yai.

Subira hiyo inafaa hata mtoto anapokosea sarufi. Wa darasa la kwanza akisema "Kitabu yangu imeanguka", usimkatize wala usimcheke. Mrudishie sentensi ikiwa sahihi, mazungumzo yakiendelea: "Kumbe kitabu chako kimeanguka! Kimeangukia wapi?" Amesikia ki- na ch- mahali pake, naye hajaaibishwa mbele ya wenzake.

Na yule anayeambiwa ana ulimi mzito? Mtazame masikio kwanza. Ute ukijaa nyuma ya ngoma ya sikio, jambo la kawaida kwa watoto wadogo, mtoto husikia kama aliye chini ya maji, na sauti asiyoisikia vizuri ataitamkaje? Apelekwe kituo cha afya akapimwe.