Kubadili Data Isiyobadilika

Mhasibu mwangalifu hafuti tarakimu daftarini. Agunduapo kosa, huandika ingizo jipya la kusahihisha, na lile la zamani hubaki likisomeka ili mkaguzi aweze kufuata kila hatua. Kanuni hiyo hutumika pia katika utungaji wa programu za kompyuta: data ikishaundwa, haiguswi tena.

Faida yake ni nini? Ichukuliwe kwamba programu moja inajumlisha akiba zote za benki, huku nyingine ikihamisha shilingi 5,000 kutoka akaunti moja hadi nyingine. Iwapo ya kwanza itasoma akaunti inayotoa kabla fedha hazijatoka, kisha ikasoma inayopokea baada ya fedha kuingia, jumla itazidi kwa shilingi 5,000 zisizokuwapo. Data isiyobadilika huondoa hatari hiyo, kwa kuwa msomaji hubaki na nakala kamili ya wakati mmoja.

Je, kubadili thamani moja kati ya 1,000,000 hulazimu kunakili zote? La. Data hupangwa kama mti uliopinduliwa, mzizi juu na majani chini, na kila kifundo kikielekeza kwenye matawi mawili. Mti wa majani 1,000,000 una ngazi zipatazo 20 tu. Ili kubadili jani moja, huundwa jani jipya, kisha kifundo kipya juu yake, na kuendelea hivyo hadi mzizi mpya. Vifundo vipya ni takribani 20. Matawi mengine yote hutumiwa kwa shirika na miti yote miwili. Anayeanzia mzizi wa zamani huona data ya zamani. Anayeanzia mzizi mpya huona mpya.

Wazo la kushirikiana sehemu lilikuwamo tayari katika orodha za lugha ya Lisp, iliyobuniwa na John McCarthy nchini Marekani mwaka 1958. Mwaka 1986 Driscoll, Sarnak, Sleator na Tarjan walieleza njia za jumla za kuhifadhi matoleo ya zamani ya data. Lugha ya Clojure, iliyotolewa na Rich Hickey mwaka 2007, hutumia vifundo vya matawi 32, hivyo ngazi 4 hutosha kubeba thamani 1,000,000. Badiliko moja hunakili nafasi zipatazo 128.

Hata hivyo, njia hii ina gharama zake. Kubadili thamani papo hapo ilipo ni hatua moja tu. Hapa kumbukumbu hutumika zaidi, na vifundo visivyohitajiwa tena hapana budi viondolewe. Aidha, waandishi wawili wakianzia mzizi mmoja, kazi ya mmoja yaweza kupotea. Kwa hiyo kila mwandishi, kabla ya kuuweka mzizi wake mpya, hulazimika kuhakikisha kwamba ule alioanzia ungali mahali pake; kama umekwisha kubadilishwa, huirudia kazi yake kuanzia mzizi uliopo. Kutobadilika humlinda msomaji. Kuwapatanisha waandishi ni kazi ya mtunga programu.