Upumbavu wa Nabali

Katika 1 Samweli 25 twasoma habari za Nabali, tajiri wa kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Jina lake maana yake ni mpumbavu. Lakini hakukosa akili. Mali ile haikujikusanya yenyewe! Upumbavu wake ulikuwa kukana deni. Watu wa Daudi waliwalinda wachungaji wake usiku na mchana, nao walipoomba chakula siku ya kukata manyoya, aliwatukana. Daudi akaja na watu 400 wenye panga. Abigaili, mkewe Nabali, hakukawia: alipakia punda mikate 200 na vyakula vingine, akamwinamia Daudi, akamwepusha na kisasi. Nasi je, mlinzi wetu wa usiku akidai mshahara wake, twamjibu namna gani?