Kabla ya matibabu ya uzazi: nendeni wawili

Mmekaa pamoja mwaka mzima au zaidi, hamtumii njia yoyote ya uzazi wa mpango, na mimba haijaingia. Kwa wengi wanaoishi Olmotonyi na vijiji vya jirani, safari ya hospitali huanza hivi: mke anapanda daladala peke yake hadi Ngaramtoni au mjini Arusha, anapimwa damu na mkojo, anapigwa ultrasaundi, anarudi na vidonge. Mwezi ujao anakwenda tena. Mume anasubiri nyumbani majibu ya mkewe. Miaka miwili inaweza kupita kabla mtu hajauliza: na baba, amepimwa?

Swali hilo liulizwe siku ya kwanza. Katika karibu nusu ya ndoa zenye shida ya kupata mtoto, sababu ya upande wa mume imo, peke yake au pamoja na ya mke. Nguvu za tendo la ndoa haziwezi kukuambia lolote kuhusu idadi ya mbegu, na shahawa haziwezi kupimwa kwa macho. Hata mwanamume aliyewahi kuzaa huko nyuma anaweza kuwa na mbegu chache leo.

Na si ninyi peke yenu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 hupitia ugumba wakati fulani maishani.

Mwende lini?

Baada ya miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msisubiri zaidi ya miezi 6. Kama hedhi haiji au inapishana sana, kama mke aliwahi kupata maambukizi ya nyonga, au kama mume aliugua matubwitubwi yakashuka kwenye korodani, nendeni mapema.

Kipimo cha mume

Anzeni nacho, kwa sababu ni rahisi, hakiumi, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na vipimo vingi vya mke. Tatizo ni kwamba kikifanywa vibaya kinatoa majibu ya uongo, na hapa umbali unahusika.

Mume akae bila kutoa shahawa kwa siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo. Zikipungua au zikizidi hapo, majibu yanapotoka. Chombo kitoke maabara, si chupa ya nyumbani. Kondomu ya kawaida haifai, wala mafuta, sabuni au mate, kwa kuwa vinaweza kudhuru mbegu. Shahawa zote ziingie. Tone la kwanza likimwagika, mwambie mhudumu, usione haya.

Kisha kuna saa. Sampuli inapaswa kufika maabara ndani ya saa moja, ikiwa na joto la mwili. Fikiria asubuhi ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka kutoka Meru na daladala bado inasubiri abiria. Chombo kikikaa kwenye mfuko wa plastiki mkononi, mbegu zitapoa na zitaonekana dhaifu kuliko zilivyo. Kiweke ndani ya shati, karibu na ngozi. Usikiweke kwenye friji wala kwenye chupa ya chai. Kama huna uhakika wa usafiri, omba chumba hospitalini utolee huko. Piga simu kwanza uulize maabara hupokea sampuli siku gani na saa ngapi.

Majibu yakiwa mabaya, usikate tamaa kwa karatasi moja. Kipimo hurudiwa. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa na kukomaa, kwa hiyo homa kali ya malaria ya miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana kwenye majibu ya leo.

Miezi hiyo mitatu ndiyo nafasi yenu ya maandalizi. Mume aache sigara na mirungi, apunguze mbege na pombe nyingine, na asichome sindano za kujaza misuli, kwa maana homoni zilizomo zinaweza kusimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu. Kama anapulizia dawa shambani, iwe kahawa, maua au nyanya, amweleze daktari na avae kinga. Hatari hii si ya kufikirika: mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja California waligundulika kuwa wagumba kwa sababu ya dawa ya mashamba iitwayo DBCP.

Kwa upande wa mke

Andika tarehe ya kwanza ya kila hedhi kwa miezi mitatu au zaidi, daktari atauliza. Anza kumeza foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, kabla ya mimba. Mwonyesheni daktari dawa zote mnazotumia, zikiwemo za presha, sukari na za miti shamba. Pimeni wote wawili VVU, kaswende na homa ya ini. Kuwa na VVU hakuwazuii kupata mtoto, ila hubadilisha mpango.

Mnaposikia "matibabu ya uzazi" msidhani ni kupandikiza mimba tu. Wengi husaidiwa na vidonge vya kukomaza yai, matibabu ya tezi ya shingo, au upasuaji mdogo. Upandikizaji unapatikana Dar es Salaam na Nairobi, lakini ni ghali, na hata katika vituo vizuri duniani mizunguko mingi haileti mtoto. Kwa hiyo kubalianeni kiasi cha pesa na idadi ya majaribio kabla ya kuanza, mkiwa bado hamjachoka wala kulia. Ulizeni bima yenu inalipia nini. Msiuze kiwanja kwa ahadi ya mtu yeyote, awe na koti jeupe au na kibuyu.

Kubalianeni pia nani ataambiwa. Mama mkwe akiuliza, mume ndiye ajibu mama yake: "Tunatibiwa sote wawili, mama." Sentensi hiyo moja humwondolea mke mzigo mkubwa.

Siku ya miadi nendeni na karatasi zote za zamani, hata zilizochakaa. Na kama kuna jambo mwenzi wako halijui, labda mimba iliyotoka zamani, mtoto wa nje, au kisonono ulichotibu kimya kimya, omba dakika chache peke yako na daktari. Ni haki yako, na atatunza siri. Ila mwambie, maana kisonono na klamidia ni kati ya magonjwa yanayoziba mirija.