Kwa Nini Ramani ya TFC Yangu Haina Nukta

Wandugu wasomi, nilitaka TFC yangu iwe juu ya Itombwe. Jina kubwa, hifadhi tangu 2006, gorila wako mule. Pesa ya kufika ikakosa. Nikapanda tu mlima nyuma ya Uvira, mpaka kwenye kipande cha miti ambacho unakizunguka kwa dakika kumi. Pembeni yote ni mihogo, na mashimo ya makala.

"Mutoto, acha panga hapa," mzee akaniambia. Ndani kuko makaburi ya wakubwa wa zamani na chemchemi. Hata tawi lililoanguka halichukuliwi.

Miti niliyoikuta mule, wengine wanaitafuta mbali. Kuko Ficus thonningii, ambao gome lake lilipigwa kuwa nguo kabla ya vitambaa vya duka. Kuko Erythrina abyssinica, ule wa maua mekundu, gome lake ni dawa. Mashambani imebaki michache, kwa hiyo mbegu zinatoka humu. Na udongo unashikwa. Sisi tuliokuwa Uvira Aprili 2020, wakati Mulongwe ilibomoa nyumba na kuua watu, tunajua maji ya mlima uliovuliwa miti yanashuka namna gani.

Si kwetu tu. Ng'ambo ya Rusizi, Warundi walilinda misitu ya makaburi ya wafalme wao pembeni ya Kibira. Kenya, kaya za Wamijikenda ziliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Zile zina vibao na karatasi. Cha kwetu kinalindwa na woga na heshima, na vijana wengi hawana tena hata kimoja.

Shida yenyewe ni Prunus africana. Gome lake linauzwa Ulaya kwa dawa ya prostate, na tangu 1995 biashara yake iko chini ya CITES. Ukitoa gome kwa vipande, pande mbili zinazotazamana, mti unapona. Ukilivua kuzunguka shina, mti unakufa umesimama. Mule nilihesabu saba. Wiki ileile, kijana mmoja chini ya mlima aliniuliza nimeiona wapi, maana kuko mtu ananunua kwa gunia.

Siku ya kutetea, juri wakauliza: "Vipimo vya GPS viko wapi?" Nikajibu niko navyo, ila sitaviandika. Wakanikata pointi. Mzee, nilipomwambia, alicheka sana, kisha akauliza kama pointi zinakulwa.