Makaburi ya wanajeshi wa anga nchini Tanzania

Makaburi ya wanajeshi wa anga nchini Tanzania ni maziko ya marubani, waangalizi na mafundi wa ndege za kijeshi waliofariki katika Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914-1918) na Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939-1945). Wanajeshi wa vita hizo walizikwa kwanza karibu na mahali walipofia: kando ya hospitali ya vita, kambini, au kwenye uwanja wa kanisa la misheni. Baadaye makaburi mengi ya namna hiyo yalihamishwa na kukusanywa katika Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam.

Makaburi hayo hutunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kila mwanajeshi wa anga anayejulikana ana jiwe au mstari wenye jina lake. Wapagazi Waafrika waliobeba petroli, vipuri na chakula cha vikosi hawakupewa haki hiyo, na tofauti hiyo imekuwa sehemu muhimu ya historia ya makaburi ya vita katika Afrika ya Mashariki.

Ndege za kwanza za kivita

Vita ilipoanza Agosti 1914, Wajerumani walikuwa na ndege moja tu katika koloni lao la Afrika ya Mashariki. Ndege hiyo ilikuwa imeletwa Dar es Salaam kwa maonyesho, ikirushwa na rubani Bruno Büchner. Haikudumu katika kazi ya vita.

Waingereza walianza kutumia ndege hapa kwa sababu ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika delta ya mto Rufiji. Mwezi Novemba 1914 rubani H. Dennis Cutler, aliyeletwa kutoka Durban, aliiona manowari hiyo akiwa angani. Mwezi uliofuata ndege yake ilishindwa kuendelea na safari, ikatua mtoni, naye akatekwa. Januari 1915 Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia na kukifanya kituo cha ndege zao. Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwangalizi wake waliongoza mizinga ya meli za Severn na Mersey kutoka angani hadi Königsberg ikaangamia. Ndege yao ilipigwa na kuanguka mtoni, lakini wote wawili waliokolewa.

Katika vita ya nchi kavu, kikosi kilichojulikana zaidi kilikuwa Skwadroni ya 26 ya Royal Flying Corps, yaani tawi la anga la jeshi la nchi kavu la Uingereza. Iliundwa Oktoba 1915, na wengi wa watu wake walitoka Afrika Kusini. Ilifika Mombasa mwishoni mwa Januari 1916, ikafuata majeshi ya Jenerali Jan Smuts kutoka mpaka wa Kenya kuelekea kusini. Ilitumia ndege za aina ya BE2c na Henri Farman. Mwandishi Leo Walmsley alihudumu humo kama mwangalizi, na mwaka 1920 alichapisha kitabu kuhusu maisha ya urubani katika Afrika ya Mashariki.

Vifo vilivyosababishwa na mazingira

Mapigano ya ndege kwa ndege hayakuwako katika Afrika ya Mashariki, kwa kuwa Wajerumani hawakuwa na ndege za kupambana. Hatari kubwa zilikuwa injini kuharibika, malaria, kuhara damu, na kutua mahali pasipo na uwanja. Joto hupunguza uzito wa hewa, hivyo bawa hupata nguvu ndogo ya kuinua ndege na injini hupoteza nguvu. Jua na unyevu viliharibu mbao na gundi. Rubani aliyetua porini bila kuumia bado alikabiliwa na kiu, njaa na safari ya miguu ya siku nyingi.

Mfano unaojulikana sana ni wa Januari 1917. Tarehe 6 mwezi huo rubani Edwin Rowland Moon na Kamanda Richard Bridgeman wa jeshi la majini waliruka juu ya delta ya Rufiji kwa upelelezi. Injini iliharibika, wakatua katika mkono mmoja wa mto, kisha wakaiteketeza ndege yao isije ikaangukia mikononi mwa adui. Kwa siku tatu walitangatanga kwenye mikoko karibu bila chakula, wakivuka vijito kwa kuogelea. Walitengeneza chelezo kwa boriti tatu na fremu za madirisha, lakini asubuhi ya tarehe 9 maji yaliwasukuma hadi bahari kuu. Bridgeman alifariki kwa uchovu. Moon alifika ufukoni jioni, akatekwa na Wajerumani, akaachiwa Novemba 1917.

Moon alitunukiwa nishani kwa jitihada zake za kumwokoa mwenzake. Alifariki mwaka 1920 katika ajali ya ndege ya majini huko Felixstowe, Uingereza, akazikwa katika mji wake wa Southampton.

Kwa nini maiti hazikurudishwa kwao

Tangu mwaka 1915 mamlaka za Uingereza zilikataza kufukua maiti za wanajeshi vitani na kuzirudisha nyumbani. Sababu ilikuwa wingi wa vifo, na pia kwamba ni familia tajiri tu zingemudu gharama. Baada ya vita katazo hilo liliendelea. Ndiyo maana Moon, aliyefia Uingereza, alizikwa karibu na jamaa zake, ilhali aliyefia Afrika alibaki Afrika.

Tume ya makaburi iliundwa Mei 1917 kwa juhudi za Fabian Ware. Mwaka 1918 ilikubali msingi ulioelezwa katika ripoti ya Frederic Kenyon: wafu wote watendewe sawa, bila kujali cheo, rangi wala dini. Jenerali na askari wa kawaida wangepata jiwe la aina moja.

Katika Uingereza kwenyewe, wanajeshi wa anga wengi wamezikwa kwenye viwanja vya makanisa ya vijiji vilivyokuwa karibu na viwanja vya ndege. Katika kijiji cha Scampton, kwa mfano, wamo Waingereza na pia Wajerumani walioangushwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Makaburi mengi ya Wajerumani yaliyotawanyika nchini humo yalikusanywa katika miaka ya 1960 huko Cannock Chase, lakini yale yaliyokuwa pamoja na makaburi ya kivita ya Waingereza yaliachwa mahali pake.

Kutoka vijijini hadi Dar es Salaam

Katika Tanganyika makaburi ya vita yalifuata njia za majeshi: kutoka Moshi hadi Morogoro, Iringa, Kilwa, Lindi, Songea na mto Ruvuma. Mwaka 1917 vikosi vya Jenerali Edward Northey vilivyotoka upande wa Songea vilifika Tunduru. Mwezi Novemba mwaka huohuo Paul von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na mwaka 1918 akarudi kupitia eneo la Songea. Namasakata na vijiji vingine vya Mkoa wa Ruvuma vimo katika ukanda huo. Kaburi lililochimbwa na kikosi kinachosonga mbele lilikuwa na msalaba wa mbao au rundo la mawe, na mara nyingi mchwa, moto wa nyika na mvua vilifuta alama hizo katika misimu michache.

Mwaka 1968 makaburi takriban 660 ya Ocean Road, Dar es Salaam, yalihamishwa kupisha ujenzi wa barabara. Ndipo Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam yalipoanzishwa, kando ya barabara inayoitwa leo Ali Hassan Mwinyi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yaliletwa makaburi mengine yapatayo 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za nchi ambako utunzaji wake haukuweza kuhakikishwa tena. Leo wamo zaidi ya watu 1,700 wa Vita Kuu ya Kwanza, na wachache zaidi wa Vita Kuu ya Pili. Wamo pia Wajerumani na Wabelgiji.

Kuhamisha kulikuwa na faida na hasara. Majina yalihifadhiwa na mawe hutunzwa. Lakini kijiji kilichohamishiwa kaburi lake kilipoteza ushahidi wa wazi kwamba vita ilipita hapo, na mwanafunzi wa kusini hulazimika kusafiri hadi pwani ili asome historia ya wilaya yake.

Jinsi ya kusoma jiwe la kaburi

Jiwe la kawaida la tume lina kimo cha sentimita 81 na upana wa sentimita 38. Mahali ambapo udongo ni mlegevu hutumika kibao kifupi kilicholazwa. Maandishi hufuata utaratibu mmoja:

- Juu kabisa ni nembo ya kikosi. Tai mwenye taji juu yake ni nembo ya Royal Air Force, jeshi la anga la Uingereza lililoundwa tarehe 1 Aprili 1918. Aliyefariki kabla ya siku hiyo huwa chini ya Royal Flying Corps au tawi la anga la jeshi la majini.
- Hufuata cheo, jina, kikosi, tarehe ya kifo na umri.
- Katikati huwekwa alama ya dini, kama msalaba au nyota ya Daudi.
- Chini kabisa ni maneno mafupi yaliyochaguliwa na familia.

Nembo haionyeshi nchi aliyozaliwa marehemu. Mtu wa Afrika Kusini aliyefariki akiwa katika Skwadroni ya 26 alihesabiwa katika Royal Flying Corps. Jiwe la asiyetambuliwa halina jina. Huandikwa kwamba anajulikana kwa Mungu.

Wasio na kaburi

Wanajeshi wengi wa anga hawana kaburi popote, kwa sababu walizama baharini au kuungua pamoja na ndege. Mnara wa Waingereza na Wahindi uliomo katika Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam una majina zaidi ya 1,500 ya wanajeshi wa aina zote waliofariki Afrika ya Mashariki tangu Januari 1917 na ambao makaburi yao hayajulikani. Wa kabla ya hapo wamo katika mnara wa Nairobi. Wanajeshi wa anga waliopotea katika Afrika ya Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Pili wameandikwa katika mnara wa Alamein, nchini Misri.

Upande wa Wajerumani, chombo cha angani cha Zeppelin L59 kiliondoka Bulgaria tarehe 21 Novemba 1917 kupeleka silaha na dawa kwa Lettow-Vorbeck. Kilifika karibu na Khartoum, kikaamriwa kurudi. Tarehe 7 Aprili 1918 kililipuka juu ya mlango wa bahari wa Otranto, na watu wote 21 waliokuwa ndani wakafa.

Wapagazi na suala la majina

Ndege moja ilihitaji watu wengi ardhini. Uwanja ulifyekwa kwa mapanga na majembe, na petroli ilibebwa kichwani mahali ambapo gari halikupita. Kazi hizo zilifanywa na wapagazi Waafrika, ambao kikosi chao cha Kiingereza, Carrier Corps, kimeacha jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi. Wapagazi waliofariki upande wa Waingereza walikuwa karibu laki moja au zaidi, wengi kwa maradhi na utapiamlo.

Msingi wa usawa wa mwaka 1918 haukutekelezwa kwao. Katika miaka ya 1920 iliamuliwa kwamba Waafrika wakumbukwe kwa sanamu za pamoja Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na makaburi yao mengi yakaachwa yarudie msitu. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, haina jina la mtu hata mmoja. Hata waliokuwa Ocean Road katika sehemu za Waafrika hawakuwa wamewekewa alama mmoja mmoja. Mwaka 1968 walizikwa upya katika makaburi ya pamoja.

Aprili 2021 tume yenyewe ilichapisha ripoti iliyokiri jambo hilo. Ilikadiria kwamba watu 45,000 hadi 54,000 walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wengine, na kwamba angalau 116,000, pengine hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Januari 2025 mnara ulizinduliwa Cape Town wenye majina ya Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliofariki barani Afrika wakiwa katika vikosi vya kazi.

Umuhimu kwa wanafunzi na jamii

Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya Tanzania ya mwaka 1969 inaruhusu makaburi kuhamishwa kutoka ardhi inayohitajika kwa manufaa ya umma, kwa utaratibu maalumu na kwa heshima. Kaburi la zamani likionekana shambani au kwenye uwanja wa kanisa, kabla ya kuguswa inafaa serikali ya kijiji ijulishwe, maandishi yote yanakiliwe na picha ipigwe. Daftari la maziko la parokia na maelezo ya wazee wa eneo husaidia kujua aliyezikwa ni nani. Kwa wapagazi, ambao hawakuwekewa mawe, maelezo ya wazee na majina yanayotunzwa katika koo mara nyingi ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki.